Waya wa Ardhi

Ufunguo wa Jawa ni kama msumari usio na kichwa.
Nauchomeka juu ya taa, nausukuma mpaka chini.
Taa nyekundu haiwaki.
Nasukuma tena, kana kwamba pikipiki ni kiziwi
nami sikubisha hodi vya kutosha.

Miaka kumi na mitatu chini ya turubai,
baina ya magunia ya viazi na skii zangu za utotoni.
Baba tulimzika Januari; udongo wa Orava ulikuwa umeganda,
wachimbaji walikodi nyundo ya umeme.
Sasa ni Machi. Theluji inadondoka paani, tone, tone,
na betri hii ni mpya, volti sita,
ndogo kama mkate, nzito kama lawama.

Mlangoni mwa banda amesimama Vendelín.
Hajakanyaga ua huu tangu nikiwa darasa la sita,
tangu yeye na Baba walipogombania ukanda wa ardhi
ambao ukiutandikia kitanda, miguu inabaki nje.
Mkononi ana balbu moja yenye mikia miwili ya waya.
"Nimekusikia ukipiga kiki," anasema.
"Kitu hakina moto. Unajivunja goti bure."
Simkaribishi. Simfukuzi.
Namsogezea ndoo, anaigeuza, anaikalia.

Fyuzi: nzima.
Mkia mmoja anaubana kwenye chanya ya betri,
wa pili anaugusisha hasi: balbu inawaka njano.
Anauhamishia kwenye fremu: giza.
Hasi, mwanga. Fremu, giza.
"Kutoka unatoka," ananong'ona. "Njia ya kurudi ndiyo hauna."

Tunafuata nyaya, yeye kwa macho, mimi kwa vidole.
Chini ya tangi kuna kiungo
kilichozungushiwa utepe wa buluu, mizunguko saba,
ncha imekunjwa ili atakayekuja baadaye apate pa kushika.
Vendelín anavua miwani, anaivaa tena.
"Huu mkono wangu.
Tulikuwa tunatoka Žilina, mvua ikawa..."
Hamalizi.
Baba alibadilisha kila kitu kwenye pikipiki hii,
kiti, vioo, hata honi.
Utepe ule hakuufungua.

Kosa tunalikuta chini ya bolti moja.
Kipya kinyemi: Baba aliipaka fremu rangi ya damu ya mzee,
makoti matatu, yakang'aa kama kiatu cha Jumapili,
kisha akaufunga waya wa ardhi juu ya rangi.
Ikagoma. Na aliyezijua nyaya zake
alikuwa upande wa pili wa mtaro.

Nakwangua kwa msasa mpaka chuma kinaonyesha meno.
Ufunguo. Taa nyekundu inafumbua jicho.

Plagi ya kulia, cheche ya buluu, tap, tap.
Ya kushoto, kimya. Platini zimeota ukungu.
Vendelín anapapasa koti, anatoa bahasha kuukuu
yenye muhuri wa mahakama ya wilaya,
anachana pembe yake,
anaipitisha katikati ya platini, mbele, nyuma.
Inatoka nyeusi. Anachana pembe nyingine.

Kanyagio la gia, kwenye Jawa, ndilo hilo hilo kiki:
unalisukuma ndani, linainuka, linageuka kazi.
Teke la kwanza. La pili. La saba.
Hata kikohozi.
Tunatazamana. Yeye anainama, anachungulia chini ya tangi,
mabega yanaanza kumtikisika.
"Koki," anasema. "Ee binti wa Kornel, koki!"
Saa mbili tumetibu umeme
na mgonjwa alikuwa na kiu.

Teke la nane linaitika.
Moshi wa oili unajaa banda, viazi, skii, nywele;
kioo cha dirisha kinatetemeka fremuni.
Katikati ya moshi Vendelín anasema neno,
neno refu, midomo inalihangaikia.
Silisikii.
Naongeza mafuta kidogo.
Sizimi injini ili nimuulize.